UZI: Safari ya picha za mandhari kwenye milima ya Colombia, na kama kiongozi ana faida

Lenzi Pana (mwanzisha uzi)

Habari zenu wadau wa kamera.

Kuna mwenzetu aliuliza kwenye uzi mwingine kama safari za picha zenye kiongozi zina faida yoyote, au ni kulipa watu wakupeleke mahali ambapo ungefika mwenyewe kwa basi. Nimerudi kutoka Colombia, tulikuwa kikundi kidogo na kiongozi mwenyeji, na jibu langu limekuwa refu kiasi cha kustahili uzi wake.

Matangazo ya safari hizi yanauza wingi wa vituo. Guatapé, Cocora, Nevados, Tatacoa, Caño Cristales, na Cartagena juu yake, vyote ndani ya wiki moja. Ukiona ratiba ya namna hiyo usilipe. Milima ya tropiki inatawaliwa na wingu, na wingu halisomi ratiba. Unayemlipa awe mtu anayejua mahali pa kusimama, anayejua wingu la pale hufunguka saa ngapi, na aliyeacha nafasi ya kurudi pale pale kesho yake likikataa.

Kidogo kuhusu nchi yenyewe. Safu ya milima ya Andes ikiingia Colombia kutoka kusini inagawanyika matuta matatu, la Magharibi, la Kati na la Mashariki, na katikati yake inapita mito Cauca na Magdalena. Kwa mpiga picha maana yake ni kwamba unaamka kwenye joto la bondeni, mita mia nne tu juu ya bahari, na jioni unavaa koti zito kwenye mita elfu nne. Kila kimo kina mimea yake, na kila mmea una rangi yake.

Halafu kuna suala la mwanga. Karibu na ikweta jua linapanda karibu wima. Tangu lichomoze mpaka ule mwanga wa dhahabu umalizike ni kama dakika 25, basi. Waliojifunza kwa video za Iceland na Norway, ambako mwanga huo hukaa saa nzima na zaidi, watapata shida hapa. Tripodi iwe imesimama na fremu imeshachaguliwa kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Kiongozi wetu alikuwa anatupeleka mahali mchana wa siku iliyotangulia, kamera zikiwa zimebaki hotelini, tutembee tu, tuangalie, kila mtu achague jiwe lake la kusimamia. Alfajiri tukirudi na tochi hakuna aliyekuwa anahangaika gizani. Hicho ndicho ninachokithamini kuliko kitu kingine chochote alichotufanyia.

Sasa Bonde la Cocora, juu kidogo ya mji wa Salento, mkoa wa Quindío. Huko kuna minazi ya nta, palma de cera kwa Kihispania, mti wa taifa wa Colombia kwa sheria ya mwaka 1985. Katika jamii yote ya minazi na mitende hakuna mrefu kuliko huu duniani. Mingine hufika mita 60. Shina limepakwa nta nyeupe na lina pete nyeusi, makovu ya majani yaliyodondoka. Picha yake mnaijua: minazi michache imetawanyika kwenye malisho ya kijani, ukungu unapita katikati. Inapendeza sana.

Kabla hatujafungua mabegi kiongozi alituambia tutazame chini ya minazi, tutafute miche. Hatukuona hata mmoja.

Cocora kwa sehemu kubwa ni mashamba ya watu binafsi. Msitu ulifyekwa ili ng'ombe wapate malisho, minazi mikubwa ikaachwa imesimama. Mche wa mnazi huu unahitaji kivuli cha msitu kwa miaka mingi kabla haujaanza hata kutoa shina. Kwenye malisho jua linauunguza, na usipoungua ng'ombe anautafuna. Kwa hiyo ile minazi ya kwenye picha maarufu ni wazee wasio na warithi. Ikianguka, bonde litabaki majani matupu.

Baada ya maelezo hayo niliacha kuhangaika na mnazi mmoja mzuri. Nilitafuta mpaka, pale malisho yanapokutana na mabaki ya msitu: upande mmoja miche kivulini, upande wa pili minazi mitupu juani. Haina urembo wa ile nyingine lakini ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote nilizorudi nazo, na bila mtu wa kunionyesha nisingejua kama kuna cha kutafuta.

Siku iliyofuata tulikwenda ng'ambo ya tuta, La Carbonera, mkoa wa Tolima, kwa jipu aina ya Willys kupitia barabara ya zamani ya Salento, Toche hadi Ibagué. Wanasayansi wasafiri Alexander von Humboldt na Aimé Bonpland walivuka milima hii ya Quindío mwaka 1801 na wakastaajabia minazi hiyo hiyo. La Carbonera minazi inafunika miteremko kwa maelfu, na chini yake msitu upo. Miaka ya vita na waasi wa FARC watu wa nje hawakuthubutu kufika. Baada ya mkataba wa amani wa 2016 ndipo njia ilipoanza kufunguka kwa wageni.

Kitaalamu: lenzi pana hapa haikufai, hata kama ndilo jina langu jukwaani. Inaifanya minazi kuwa vijiti. Chukua lenzi ndefu, ya milimita 70-200, bana mashina yajae fremu, usubiri ukungu uingie kati ya tuta na tuta ili utenganishe tabaka. Na kwenye ukungu kamera inadanganyika, inaona weupe mwingi inatia giza. Ongeza mwanga thuluthi mbili ya stopu mpaka stopu nzima (stopu moja ni mwanga mara mbili), uangalie histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera, isigonge ukuta wa kulia.

Nitaendelea. Karibuni kwa maswali.

Shata

Mkuu Lenzi Pana, ahsante kwa uzi. Hilo la miche sikulijua kabisa, na nina picha ya Cocora ukutani niliyoinunua. Swali: ni miezi gani? Naona wengine wanasema Desemba, wengine Julai.

Lenzi Pana

Mkuu Shata, wote wako sahihi kwa sehemu. Kwenye milima mvua zinakuja mara mbili kwa mwaka, kubwa zaidi Aprili na Mei, halafu Oktoba na Novemba. Kwa hiyo Desemba hadi Februari ni kukavu, na Julai na Agosti pia kuna nafuu. Ila kama unautaka mto wa Caño Cristales, huo uko upande wa mashariki wenye msimu mmoja mrefu wa mvua, na wageni wanaruhusiwa takriban Juni hadi Novemba tu. Julai na Agosti ndipo mambo yote mawili yanakutana. Anayekuuzia Caño Cristales mwezi Februari muogope.

Usitamani ukavu kupita kiasi, lakini. Anga tupu ya bluu juu ya milima ya kijani inachosha mapema. Picha zetu nzuri zilitoka saa moja baada ya mvua.

Bi Mwangaza

Kaka, mimi nimekuja kwa ajili ya huo mto. Picha zake mtandaoni ni nyekundu kama zimepakwa rangi. Niambie ukweli, ni hivyo au watu wamevuta kile kitufe cha rangi mpaka mwisho?

Lenzi Pana

Dada yangu, ni nyekundu kweli, ila wengi wanaizidisha, na wakiizidisha wanaipoteza. Ngoja nieleze.

Mto uko kwenye Serranía de la Macarena, mkoa wa Meta. Unaruka kwa ndege hadi mji mdogo wa La Macarena, unavuka mto Guayabero kwa boti, unapanda gari, kisha unatembea. Wekundu ni mmea wa majini, Macarenia clavigera, unaojishika kwenye mwamba chini ya maji yanayokimbia. Ukipata jua kali unakuwa mwekundu hadi zambarau. Ukiwa kivulini unabaki kijani. Njano ni mchanga, weusi ni mwamba, bluu ni anga likijiangalia majini. Kwa hiyo ukivuta rangi zote kwa pamoja kwenye programu, ile kijani ya kivulini inageuka ya plastiki na mtazamaji anaacha kukuamini hata pale uliposema kweli.

Halafu jambo ambalo wapiga mandhari tunakataa kulisikia: hapa saa nzuri ni mchana. Jua likiwa juu linapenya maji mpaka kwenye mwamba, ndipo mmea unawaka. Alfajiri maji ni kioo cheusi. Kiongozi wetu alitukalisha kivulini tukala, tukasubiri wingu lipite, jua lilipotoka akasema sasa, na tulikuwa na dakika chache kabla halijafunikwa tena. Tulifanya hivyo mchana kutwa, mahali pamoja. Vikundi vingine vilipita, vikapiga, vikaondoka.

Filta ya polaraiza, ile ya kupunguza mng'ao, ni lazima, lakini usiizungushe hadi mwisho. Ukiondoa mng'ao wote mto unaonekana kama hauna maji. Acha mng'ao kidogo pembezoni. Muda wa shata ya kamera kukaa wazi uwe kati ya robo sekunde na sekunde moja. Zaidi ya hapo mimea inayopepea na mkondo inakuwa uji. Na angalia histogramu ya nyekundu peke yake, maana ile ya jumla itakuambia uko salama wakati nyekundu imeshaungua. Mimi nilipunguza mwanga na kupiga kwa RAW, yaani faili ghafi.

Mafuta ya kujikinga na jua na dawa ya mbu haviruhusiwi kwa sababu vinaingia majini, hivyo beba shati la mikono mirefu na kofia. Bila kiongozi wa pale pale hauruhusiwi kuingia, na idadi ya watu kwa siku ina kikomo. Kanyaga anapokanyaga yeye. Mmea ukichanika kwenye mwamba msimu wake umekwisha.

Kilele

Wakuu, mimi nimekulia karibu na Kilimanjaro, nimeona picha za yale majani ya huko Andes yenye shina refu na kichwa cha majani, yanafanana mno na yale yaliyo njiani kwenda kileleni kwetu. Ni mmea mmoja?

Lenzi Pana

Mkuu Kilele, jicho zuri. Si mmea mmoja ila ni ukoo mmoja, ukoo wa alizeti. Wa kwao unaitwa frailejón, jenasi Espeletia, wa Kilimanjaro ni Dendrosenecio. Yote miwili huacha majani makavu yakining'inia kuzunguka shina, yakawa koti dhidi ya baridi ya usiku. Mabara mawili, tatizo moja, jibu moja.

Mahali inapoota panaitwa páramo, nyanda za baridi juu ya msitu na chini ya barafu, na karibu nusu ya páramo yote duniani iko Colombia. Majani yana manyoya yanayonasa unyevu wa ukungu na kuuteremsha ardhini. Maji mengi ya Bogotá yanatoka kwenye páramo ya Chingaza. Na mmea unakua kama sentimita moja kwa mwaka, kwa hiyo frailejón inayokuzidi urefu imeishi kuliko babu yako. Usiiegemee, usiifunge tripodi.

Kupiga pale ni raha kwa sababu ukungu unalainisha mwanga siku nzima. Rangi ni fedha na njano. Tatizo ni kichwa kuuma. Tulitoka bondeni tukalala kimo cha kati kwanza, na ratiba inayokupandisha moja kwa moja hadi mita 4,000 asubuhi moja haijali afya yako.

Tulikuwa chini ya Nevado del Ruiz. Tarehe 13 Novemba 1985 volkano hiyo iliyeyusha barafu ya kileleni, tope likashuka usiku hadi mji wa Armero, na watu zaidi ya 20,000 wakafa. Tukielekea kusini tulipita kwenye magofu ya mji huo. Kiongozi alituomba tripodi zibaki kwenye gari. Tulitembea na kusoma majina kwenye misalaba. Naliweka hapa kwa sababu kiongozi anayeijua nchi yake anajua pia mahali ambapo kamera inapumzika, na namheshimu kwa hilo.

Mtembezi Huru

Samahani mkuu, naomba kutofautiana. Nilikwenda Colombia peke yangu, nikapanda mabasi, nikalala hosteli Salento, nikaingia Cocora kwa jipu la uwanjani kama kila mtu. Picha zangu zinanitosha. Gharama ya safari moja ya picha yenye kiongozi ningekaa mwezi mzima.

Lenzi Pana

Ndugu yangu, hatutofautiani sana. Mwezi mzima unazidi kiongozi yeyote, kwa sababu una muda wa kurudi. Mwenye muda asilipe. Guatapé, kwa mfano, sikuona kazi ya kiongozi. Mji uko wazi, kuta za nyumba zina zócalos, zile nakshi za rangi kali zilizochongwa sehemu ya chini ya ukuta, unatembea asubuhi kabla ya watalii, unapiga. Unapanda ngazi za jiwe la El Peñol, unalitazama lile bwawa lenye visiwa, umemaliza. (Chini ya maji yale kuna mji wa zamani wa El Peñol uliozamishwa miaka ya 1970, jambo linalofaa kulijua kabla ya kusifia mandhari.)

Ila La Carbonera peke yako? Kuingia shamba la mtu saa kumi alfajiri kwa ruhusa yake, kabla lango halijafunguliwa? Hapo unalipia urafiki aliojenga kiongozi na wenye mashamba kwa miaka.

Bi Mwangaza

Naongezea kwa anayetaka kulipa. Mimi huwauliza waandaaji maswali kabla sijatuma hata senti. Kikundi ni watu wangapi? Gari linaweza kusimama njiani nikiomba? Kuna siku ya akiba kama mvua ikiharibu? Na swali ninaloliamini zaidi: kiongozi mwenyewe anapiga wakati gani? Nimewahi kuwa na kiongozi, nchi nyingine, aliyesimika tripodi yake mahali pazuri kuliko pote na sisi tukabaki nyuma yake. Anayejibu kwamba kamera yake anaitoa baada ya wateja kuridhika, huyo namsikiliza.

Lenzi Pana

Dada umeniokolea maneno. Wetu alibeba kamera ndogo tu ya kutuonyesha fremu, akishatuonyesha anairudisha mfukoni.

Nuru ya Kusini

Mkuu, umeitaja Tatacoa ukaipita. Mimi mambo yangu ni nyota.

Lenzi Pana

Tatacoa iko mkoa wa Huila, bonde la Magdalena, milima ya pande zote mbili inaizuia mvua. Watu wanaita jangwa, lakini ni msitu mkavu wa tropiki ulioliwa na mmomonyoko. Upande wa Cusco udongo ni mwekundu, upande wa Los Hoyos ni wa kijivu. Mchana joto ni kali, hakuna cha kufanya ila kulala. Jioni jua likishuka kila mfereji unapata kivuli chake na ardhi inasomeka vizuri.

Kwa nyota panga safari kuizunguka siku ya mwezi mwandamo, anga iwe nyeusi. Pale ni kama nyuzi 3 tu kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo unaona nyota za kusini na za kaskazini usiku mmoja. Kati ya Juni na Agosti kitovu cha Njia ya Maziwa kinapanda juu mapema usiku. Jaribio langu la kwanza nilianza na lenzi wazi kwa f/2.8, shata sekunde 15, na ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) 3200, nikarekebisha kutoka hapo. Mwanga wa mbele niliupata kwa kuelekeza tochi kwenye ukuta wa pembeni urudi ukiwa umelainika; tochi ya moja kwa moja inaua umbile la udongo.

Shata

La mwisho kutoka kwangu. Unyevu. Lenzi yangu ilishaota ukungu ndani, yaani kuvu, sitaki tena. Na droni nibebe?

Lenzi Pana

Ukungu wa lenzi unaanzia kwenye chumba chenye kiyoyozi. Ukitoka kwenye baridi ukaingia kwenye joto la La Macarena, matone ya maji yanatanda kwenye kioo papo hapo. Acha kamera ndani ya begi lililofungwa, nusu saa au zaidi, ipashe joto yenyewe ndipo ufungue. Vipakiti vya silika viwe vingi, uvikaushe inapowezekana. Usibadilishe lenzi ndani ya wingu. Taulo dogo la pamba lilinisaidia kuliko vitambaa vyote vya dukani.

Droni sikubeba na sikuikosa. Ndani ya hifadhi za taifa inahitaji kibali, na La Carbonera ndege wanataga kwenye mashina ya minazi, akiwemo kasuku wa masikio ya njano aliyekaribia kutoweka. Kelele ile juu ya viota vyao siitaki kwenye dhamiri yangu.

Na kabla hujafunga begi, uliza uzito unaoruhusiwa kwenye ndege ya La Macarena. Ni ndege ndogo, kikomo ni kidogo. Mimi niliacha lenzi ndefu Bogotá, nikabaki na lenzi za 16-35 na 24-105, polaraiza na tripodi nyepesi, na kwa kazi ya mtoni vilitosha.